Kujifunza Gitaa la Umeme Nyumbani Pasipo Kumwamsha Jirani



Kwaya zetu nyingi siku hizi huimba kwa magitaa ya umeme: la solo, la rithimu na la besi. Lakini tukiuliza kijana apigaye gitaa hilo hulishika saa ngapi kwa juma, jibu lake husikitisha. Vyombo ni mali ya parishi, hufungiwa stoo, ufunguo uko kwa katibu, na mazoezi ni jioni mbili tu. Kijana hulishika gitaa kwa zamu, nusu saa hivi, mbele ya waimbaji thelathini wanaomngoja aanze. Hapo hapati kujifunza. Hupata tu kuonyesha kile akijuacho tayari, na makosa aliyoyapiga mwaka jana huyapiga tena mwaka huu, ila kwa ujasiri zaidi.

Wako wengine ambao wao au wazazi wao wamejaliwa kupata gitaa lao wenyewe. Hao nao wana shida ya namna nyingine. Wengi wetu twaishi katika nyumba za kupanga, vyumba sita ukumbi mmoja, na kuta haziendi mpaka juu penye bati. Upande wa pili yuko mama aliyejifungua juzi, au mlinzi aliyerudi kutoka zamu ya usiku, au mgonjwa. Amplifaya ikiwashwa leo na kesho, siku ya tatu mwenye nyumba hubisha hodi. Wako vijana walioambiwa wachague, gitaa au chumba. Nao wakaliuza gitaa.

Kitabu cha Mithali, sura ya 27 aya ya 14, kinatuonya kwamba hata kumtakia rafiki baraka, kukifanywa kwa sauti kuu alfajiri, kwahesabiwa kuwa laana. Ikiwa baraka yenyewe ni hivyo, itakuwaje mstari mmoja wa solo uliorudiwa mara arobaini saa tano ya usiku?

Basi katika somo hili twataka kuonyesha kwamba shida hii ina dawa, na dawa yenyewe si ya bei kubwa. Mwenye gitaa na waya wake ahitaji vitu viwili tu: amplifaya ndogo ya hedifoni, na hedifoni ya waya. Vingine vyote vyaweza kungoja, na vingi havihitajiwi kabisa. Lakini tusiende haraka. Yafaa tujue kwanza jinsi chombo kinavyofanya kazi, maana asiyejua hilo ndiye atapeliwaye dukani.

Gitaa lenyewe husema nini?

Gitaa la umeme halina tumbo wazi kama gitaa la kawaida. Chini ya nyuzi zake za chuma pamewekwa sumaku, nayo sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Wapigaji huiita pikapu, nayo si gari. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya ule. Jambo hili la sumaku kuzaa umeme lilionyeshwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, na miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Marekani, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker wakalitumia kutengeneza gitaa la umeme la kuuzwa madukani.

Umeme huo ni mdogo sana. Aghalabu haufiki volti moja, tena umepita katika waya mrefu mwembamba wenye uzuio wa ohm elfu kadhaa, hata hauna nguvu ya kusukuma kitu. Hedifoni ya kawaida ina ohm 32 hivi. Ndiyo maana kijana akinunua kiunganishi cha shilingi kidogo, akachomeka hedifoni ya simu moja kwa moja kwenye tundu la gitaa, husikia kama nzi aliye mbali, tena katika sikio moja tu, kwa kuwa tundu la gitaa lina njia moja na hedifoni ina njia mbili. Hapo hudhani gitaa limeharibika, akalipeleka kwa fundi, na fundi asiye mwaminifu akalifungua. Gitaa ni zima. Lililokosekana ni kitu cha katikati cha kuukuza ule umeme kabla haujafika masikioni.

Njia ya kwanza haina gharama

Kabla ya kununua chochote, mpigaji na ajue kwamba gitaa la umeme lisilochomekwa popote husikika na yeye mwenyewe, wala jirani halisikii. Kwa kuzoeza vidole vya mkono wa kushoto, kukariri kodi na kubadilisha kodi moja kwenda nyingine, hiyo yatosha. Aliyeanza mwezi huu asihangaike na kingine.

Lakini njia hii ina hila yake. Kwa kuwa sauti ni ndogo, mkono wa kulia hujitahidi kuikuza kwa kupiga kwa nguvu. Miezi michache ikipita, mkono umekuwa mzito. Na siku ya Jumapili, gitaa likiungwa kwenye amplifaya ya kanisa, kila pigo ni kama nyundo na waimbaji hawasikiki. Tena nyuzi zisizotakiwa, zile zinazolia zenyewe kwa sababu kidole hakikuzizima, hazisikiki gitaa likiwa kavu. Kwenye amplifaya zote hujitokeza. Kwa hiyo baada ya kupita hatua ya kwanza, mpigaji sharti ajisikie kama watu watakavyomsikia.

Tazama kwanza ulicho nacho

Ikiwa nyumbani tayari mna amplifaya ndogo ya mazoezi, igeuzeni mtazame mbele na nyuma. Nyingi za namna hiyo zina tundu lililoandikwa PHONES. Ukichomeka hedifoni hapo, spika hunyamaza yenyewe, na shida imekwisha bila kununua kitu zaidi ya hedifoni. Twashangaa ni wangapi wamemiliki tundu hilo miaka mingi wakidhani ni la kitu kingine.

Ila msichanganye tundu hilo na lile lililoandikwa SPEAKER. Hilo hutoa nguvu kubwa ya kuendesha spika. Hedifoni ikichomekwa hapo yaweza kuungua, na masikio yaliyo ndani yake yakaumia vibaya. Tena wale wenye amplifaya za zamani za valvu, zile zenye taa zinazowaka ndani, wasizipige huku spika imechomolewa wakidhani wananyamazisha kelele. Transfoma yake yaweza kuungua, na bei ya transfoma hiyo yazidi bei ya vifaa vyote tutakavyotaja hapa.

Amplifaya ya kuchomeka kwenye gitaa

Kwa asiye na amplifaya, shauri letu ni hili. Kuna amplifaya ndogo kama kiberiti kikubwa, yenye kichwa kinachoingia moja kwa moja kwenye tundu la gitaa. Upande mwingine wachomeka hedifoni. Hata waya wa gitaa hauhitajiki.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1982 Tom Scholz, mpiga gitaa wa bendi ya Boston ya Marekani, ambaye kabla ya muziki alikuwa mhandisi katika kampuni ya Polaroid, alitoa kisanduku kiitwacho Rockman cha kuvaa kiunoni na kusikiliza kwa hedifoni. Wakati ule kilikuwa kitu cha wenye fedha. Leo viko vya namna hiyo vidogo zaidi na vya bei ndogo zaidi. Kinachojulikana sana ni amPlug cha kampuni ya VOX, ambacho hutumia betri mbili ndogo za AAA, nacho kina vitufe vichache tu: sauti, mlio na ukali. Viko vya mlio mtulivu, vya mlio mkali, na kimoja cha besi. Kwa nyimbo za kwaya chukueni cha mlio mtulivu. Kile cha mlio mkali kilitengenezwa kwa muziki wa roki, na kijana atakipenda mno, lakini hakitamfundisha kupiga rithimu safi.

Kipo kingine, Mustang Micro cha Fender, kilichotoka mwaka 2021. Hicho huchajiwa kama simu na hukaa na chaji saa 6 hivi, kina milio mingi ndani yake, tena hupokea wimbo kutoka kwenye simu ili upige pamoja nao. Ni kizuri, ila bei yake imezidi ile ya amPlug kwa mbali. Mwenye kipato kidogo asijisikie amepungukiwa. Kinachomfanya mpigaji ni saa alizokaa na gitaa, na kile cha bei ndogo huzitoa saa zile zile.

Vilevile madukani viko vya makampuni yasiyojulikana, vinavyofanana kwa sura na kuuzwa rahisi zaidi. Vingine ni vizuri, vingine huvuma kama nyuki. Sharti moja: usinunue kabla hujakisikia. Nenda na gitaa lako na hedifoni yako, chomeka, usiguse nyuzi, ongeza sauti polepole usikilize. Kikivuma kwa nguvu hata kabla hujapiga uzi, kirudishe. Kisha tikisa kidogo pale kinapochomekwa; kikikatakata, sababu yaweza kuwa tundu la gitaa lililolegea, na hilo fundi hulikaza kwa dakika tano.

Jambo la kutazama kwa wote: kiwe na tundu la pili la kuingiza sauti ya simu, aghalabu limeandikwa AUX. Kwa hilo, sauti zilizorekodiwa siku ya mazoezi ya kwaya zaweza kupigwa kwenye simu, na kijana akapiga gitaa lake pamoja nazo masikioni mwake. Kwetu sisi hili ni la thamani kuliko milio yote ya kigeni.

Je, simu yenyewe haiwezi kuwa amplifaya?

Vijana wengi huuliza hivi, na swali ni la haki, maana simu tayari wanayo. Yaweza, kwa kuongeza kiunganishi maalumu kati ya gitaa na simu, na programu ya kuigiza amplifaya. Lakini simu nyingi za bei ndogo hukawia. Unapiga uzi, na sauti yafika masikioni baada ya kitambo. Kitambo hicho ni kidogo, lakini tukipime. Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde. Kukawia kwa sehemu moja ya mia ya sekunde ni kama kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, na mtu hazijali mita tatu na nusu. Kukawia kwa sehemu moja ya tano ya sekunde ni kama kusimama altareni hali spika yako iko mbali mita 68, nje kabisa ya kanisa. Hapo hakuna awezaye kushika mapigo.

Kwa sababu hiyo hiyo twasema hedifoni iwe ya waya. Zile zisizo na waya, za bluetuthi, ni nzuri kwa kusikiliza mahubiri safarini. Lakini nyingi hukawia kama hivyo au zaidi, nazo hazifai kwa kupiga chombo. Kijana atakayejizoeza nazo atajizoeza kuwahi mapigo ili sauti imfikie kwa wakati, na siku ya ibada atakuwa mbele ya ngoma daima, wala mpiga ngoma hatajua la kufanya.

Hedifoni ipi?

Zile za simu za masikioni zatosha kuanzia. Mwenye nafasi na anunue zinazofunika sikio lote, zilizozibwa nyuma. Ziko za wazi kwa nyuma ambazo wataalamu huzisifu, lakini hizo huvujisha sauti nje, na sisi shabaha yetu ni mgonjwa wa chumba cha pili. Mpiga besi hasa na azingatie, maana uzi wake wa chini hutikisika mara 41 tu kwa sekunde, na hedifoni dhaifu haitoi sauti ya chini hivyo. Atasikia vidole vyake tu wala si noti. Kichwa cha hedifoni nyingi ni cha milimita 3.5, na tundu la amplifaya za kawaida ni la milimita 6.35. Kiunganishi cha kuoanisha viwili hivyo ni cha bei ndogo, basi nunua viwili, kwa kuwa kimoja kitapotea.

Juu ya umeme

Vya betri na vya kuchaji twavipendelea, kwa sababu umeme hukatika na mazoezi yakaendelea. Anayenunua kifaa cha kuchomeka ukutani asome maandishi yaliyo kwenye adapta. Umeme wa nyumbani hapa Tanzania ni volti 230, na wa Marekani ni 120. Amplifaya kuukuu iliyoletwa na ndugu kutoka huko, iliyoandikwa volti 120 peke yake, itatoa moshi dakika ile ile. Iliyoandikwa 100 hadi 240 haina neno. Tena visanduku vingi vya milio ya gitaa hutumia volti 9 na upande wa hasi umewekwa katikati ya kichwa cha adapta, kinyume na adapta nyingi za vyombo vingine vya nyumbani. Kichwa kikiingia si kwamba kinafaa.

Tumevitaja visanduku vya milio, basi tuseme neno juu yake. Viko vizuri vyenye tundu la hedifoni, kipimo cha kukaza nyuzi, na hata ngoma za kuhesabia mapigo. Lakini mara nyingi kijana hutumia jioni yote akizungusha vitufe, na gitaa limelala mapajani. Kama parishi au mzazi atanunua kimoja, na kiwe baada ya mwaka wa kwanza.

Masikio hayanunuliwi

Wazazi na wasikilize hapa. Sauti iliyokuwa ikimsumbua jirani sasa yote yaingia katika masikio ya mtoto wako, nawe hutaisikia wala hutamkemea. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba kwa mtu mzima sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa juma; ikifika desibeli 90, saa 4 tu kwa juma zatosha. Kwa watoto kipimo ni cha chini zaidi, desibeli 75 kwa zile saa 40. Sikio lililoharibiwa kwa kelele halirudi kuwa kama mwanzo.

Hatuna vipimo majumbani, basi tufanye hivi. Kabla ya kuvaa hedifoni, sauti ishushwe mpaka mwisho. Kisha ivaliwe, ndipo sauti ipandishwe polepole mpaka inaposikika vema, na hapo iachwe. Baada ya nusu saa ivuliwe, mpigaji apumzike dakika chache. Akivua na kusikia mlio ndani ya masikio kama wa nyenje, au sauti za watu zimekuwa kama ziko mbali, alipiga kwa sauti kubwa mno, na kesho apunguze.

Hedifoni haizuii kila kitu. Mguu unaohesabu mapigo sakafuni husikika chumba cha pili. Vua viatu, uweke mkeka. Na aliyevaa hedifoni huanza kuimba pasipo kujua, kwa sauti kubwa tena nje ya ufunguo. Mwambieni kwa upole.

Saa yenyewe itumiweje?

Robo saa kila siku yashinda saa tatu za Jumamosi. Kaza nyuzi kwanza. Kisha chukua mstari mmoja wa wimbo wa kwaya, uhesabu mapigo 60 kwa dakika, upige taratibu mpaka upite mara tano bila kosa, ndipo uongeze kasi. Mwangwi na milio ya ziada izimwe wakati wa kujifunza, kwa maana mwangwi huficha makosa kama vile manukato yafichavyo shati chafu. Mwishoni, kama zawadi, uwashwe.

Lakini hedifoni haifundishi jambo moja, nalo ni kukaa na wenzako. Ndani ya hedifoni gitaa lako ni kubwa kuliko vyote. Kanisani lapaswa kuwa chini ya sauti za waimbaji, na hilo hujifunzwa kanisani tu, kwa kumsikiliza mwalimu wa kwaya. Wala kijana asidhani kwamba akijifunza peke yake anapoteza wakati hali hakuna amsikiaye. Sauli alipotafuta mtu wa kumpigia kinubi, katika 1 Samweli sura ya 16, mtumishi wake aliweza kumtaja Daudi mara moja kwa ustadi wake. Na tangu hapo Daudi alikuwa akichunga kondoo wa baba yake. Huko malishoni hakuna jirani aliyelalamika.

Parishi yaweza kusaidia

Si kila nyumba itaweza kununua. Parishi ikinunua amplifaya mbili za hedifoni, moja ya gitaa na moja ya besi, wapigaji wanne au watano waweza kuzipokezana juma kwa juma, na magitaa ya stoo yakatoka nazo siku zisizo za mazoezi. Katibu wa kwaya awe na daftari: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, hali ya kifaa. Kila mmoja atumie hedifoni yake mwenyewe, kwa ajili ya usafi wa masikio. Betri anunue anayetumia, naye azitoe kabla ya kurudisha, kwa kuwa betri iliyosahauliwa ndani huvuja na kula vyuma vya kifaa.